Kamera Nayo Ipige Hodi

Hivi majuzi niliingia katika ofisi moja ya wakala wa safari hapa Mombasa kumkatia ndugu yangu tikiti. Ukutani palitundikwa kalenda. Nilipoitazama nilishtuka. Picha ya mwezi ule ilikuwa ya mzee mmoja wa mtaa wetu, Lamu, ameketi barazani, kofia kichwani na tasbihi mkononi. Chini yake pameandikwa "Zanzibar". Mzee huyo alifariki miaka minne iliyopita, Mungu amrehemu. Niliwauliza wanawe. Hapana aliyejua kwamba baba yao anauzwa.

Nasema anauzwa, nami najua nisemalo. Picha kama hiyo haipigwi kwa ajili ya kalenda. Mpita njia huipiga, akaipeleka kwa kampuni zenye maghala ya picha, nayo ikakaa humo ikingoja mnunuzi: mwenye hoteli, mchapishaji wa vitabu, mtengeneza kalenda. Getty Images ilianza mwaka 1995. Shutterstock ya New York ilifuata mwaka 2003. Picha moja huweza kuuzwa mara nyingi mno. Mpiga picha hupata fungu lake na kampuni lake. Aliyepigwa hana fungu.

Jambo hili lina mizizi. Zama za ukoloni kadi za posta zilikwenda Ulaya na sura za mama zetu wa Unguja na Mombasa, bila hata jina. Lakini pia tulikuwa na studio zetu, kama ile ya Parekh hapa Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1942. Huko mtu alikwenda kwa hiari yake, amevaa nguo ya sikukuu, akachagua akaeje, na picha akarudi nayo nyumbani. Tofauti ya picha hizi mbili ni ruhusa.

Kampuni zenyewe zalijua hilo. Picha ya tangazo la biashara hudaiwa hati ya idhini iliyotiwa sahihi na aliyepigwa. Ila ikiandikwa kuwa ni ya habari tu, hati haitakiwi. Mlango wa nyuma ndio huo.

Hapa Kenya sheria ipo. Katiba ya mwaka 2010 yalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019. Mwaka 2023 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ruhusa, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Basi tusidhani hatuna pa kushtakia.

Sisemi wageni wanyang'anywe kamera. Picha huleta watu, na watu huleta riziki kwa nahodha, kwa mpishi na kwa mwenye nyumba ya wageni. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na ipigwe asubuhi na jioni. Mawe hayaoni haya. Lakini aliye katika sala, mwanamke mlangoni pake, na mtoto katika Maulidi, hao waombwe kwanza. Dini yetu imetufunza kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Uso wa mtu je?

Kamati za misikiti na wenye nyumba za wageni yafaa wawaeleze wageni hayo siku ya kwanza. Na vijana wetu wenye kamera nao wapeleke picha zao katika maghala hayo. Wao wajua kuomba kwa lugha ya mwenyeji, na hawataiita Lamu Zanzibar.

Nilirudi kwa yule wakala nikaomba ile kurasa, akanipa. Wanawe marehemu walikata neno la chini kwa mkasi, wakaitia picha fremu. Wasema hawana nyingine ya baba yao iliyo nzuri kama hiyo.