Mistari miwili, halafu?

Leo nina hasira, mnivumilie.

Mwaka jana binamu yangu alilazwa Kacheliba, kule West Pokot, akatibiwa kala-azar. Siku 17 za sindano, dawa mbili tofauti kila siku. Hizo dawa si za mchezo. Moja inaweza kusumbua moyo, nyingine masikio. Akapona, tumbo likashuka, akaja Kitale tukawa tunauza mitumba pamoja.

Juzi akaenda Bungoma kuchukua mzigo, homa ikamshika huko. Akaingia kliniki moja, akawaambia ukweli kwamba aliwahi kuugua. Wakamdunga kidole, mistari miwili. "Imerudi. Unaanza upya." Akanipigia akilia. Mwanaume mzima.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasomea udaktari, lakini hii naielewa. Kile kipimo, rK39, hakitafuti mdudu. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili ulitengeneza kupigana naye. Mdudu akishakufa, askari hawafungi virago siku hiyo hiyo. Wanabaki kwa damu miezi, hata miaka. Kwa hivyo mtu aliyepona kabisa bado atatoa mistari miwili! Kipimo kiko sawa kwa mtu ambaye hajawahi kuugua. Kwa aliyetibiwa, hakikuambii kama imerudi.

Na ndiyo, kala-azar inaweza kurudi, sikatai. Lakini kujua hivyo lazima umtafute mdudu mwenyewe: utoe majimaji ya wengu au uboho, uangalie kwa hadubini. Hiyo ni kazi ya hospitali iliyozoea, maana wengu ukichomwa ovyo unavuja damu.

Sasa nyinyi watu wa kliniki, hamjui hii ama mnajua na mnatuuzia tu? Maana ni mchezo uleule wa taifodi. Widal ni kipimo cha kingamwili cha tangu 1896, na hapa kwetu kuna watu wameambiwa wana taifodi kila mwaka tangu wakiwa shule ya msingi.

Ukiwa ulitibiwa kala-azar na wanakimbilia kile kipimo, waulize: mnatafuta mdudu ama kingamwili? Wakikuangalia tu, toka.

Binamu nilimleta Kitale, tukaenda hospitali, wakaangalia damu kwa hadubini. Malaria. Vidonge vya siku tatu. Simu yake alikuwa ameshaiuza Bungoma kutafuta pesa ya matibabu, na aliyeinunua hashiki tukimpigia.