Diplomasia ya uchumi ipimwe kwa mbaazi

Tangu Sera Mpya ya Mambo ya Nje ilipotolewa mwaka 2001, ni nadra balozi wa Tanzania kuagwa bila kuambiwa kwamba kazi yake ya kwanza ni kutafuta masoko, wawekezaji na watalii. Agizo hilo limerudiwa na kila awamu ya serikali iliyofuata, na Mei 2025, toleo jipya la sera hiyo lilipozinduliwa, diplomasia ya uchumi ilibaki kuwa nguzo yake. Mkulima wa Masasi au Babati ana haki ya kuuliza kwamba hayo yote yanamwongezea nini kwenye gunia lake.

Jibu la wachumi linatia moyo. Andrew Rose wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, alichunguza mauzo ya nchi 22 na kukuta kuwa kila ubalozi mdogo unaoongezwa huambatana na ongezeko la mauzo la kati ya asilimia 6 na 10. Mwaka huo huo Volker Nitsch alipima ziara za wakuu wa nchi wa Ufaransa, Ujerumani na Marekani, naye akapata ongezeko la asilimia 8 hadi 10. Lakini hizo ni nchi zinazouza ndege, magari na mitambo. Muuza nafaka ana adui wengine kabisa: kanuni za afya ya mimea, ukomo wa tani zinazoruhusiwa kuingia, na tangazo linalotolewa leo na kuanza kutumika leo.

Hakuna zao linaloonyesha jambo hili vizuri zaidi ya mbaazi. Mbaazi za nazi na maandazi ni kifungua kinywa kinachopendwa pwani, lakini hata pwani nzima ikila asubuhi na jioni haiwezi kumaliza mavuno ya Mtwara, Lindi na Manyara. Mnunuzi mkubwa ni mmoja tu, India. Tena kalenda inawapendelea wakulima wa Afrika Mashariki, kwa sababu wao huvuna kati ya Julai na Septemba, wakati mbaazi mpya za India huanza kuingia sokoni kuanzia Desemba. Katikati hapo ndipo penye bei.

Julai 2016 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alifanya ziara katika nchi nne za Afrika, zikiwemo Msumbiji na Tanzania, ndani ya siku chache. Mjini Maputo yalitiwa saini makubaliano ambayo India iliahidi kununua mazao ya jamii ya kunde, hasa mbaazi, kuanzia tani 100,000 katika mwaka wa kwanza hadi tani 200,000 katika mwaka wa tano. Siku tatu baadaye, Dar es Salaam, kulikuwa na gwaride, ngoma na mikataba pia, ikiwemo ya maji, viwanda vidogo na msamaha wa viza kwa wenye pasipoti za kidiplomasia. Mazao ya kunde yalitajwa katika hotuba kama eneo la kukuza biashara. Hayakuandikiwa tani hata moja.

Tofauti hiyo ilionekana baada ya mwaka mmoja. India ilikuwa imevuna mbaazi karibu maradufu ya msimu uliotangulia, bei zikaanguka huko, na wakulima wake wakaja juu. Tarehe 5 Agosti 2017 serikali ya Delhi ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi kutoka nje. Tangazo hilo lilikuwa na kifungu kimoja kifupi: ukomo hautahusu ahadi ambazo India imeziingia kwa makubaliano na serikali nyingine. Msumbiji ilikuwemo ndani ya kifungu hicho. Tanzania haikuwemo.

Agosti ni mwezi ambao mkulima wa kusini yuko shambani anavuna. Bei iliyokuwa imepita Sh2,000 kwa kilo katika misimu ya nyuma ilishuka hadi shilingi mia chache, na wapo waliokosa mnunuzi kabisa. Ni vyema kusema ukweli kwamba hata Msumbiji bei zilishuka, kwa sababu makubaliano yalilinda kiasi cha kuingiza na si bei. Miaka ya karibuni nchi hiyo imesumbuliwa na ugomvi kati ya wasafirishaji wake wenyewe, ambao umewahi kukwamisha shehena bandarini Nacala. Karatasi haitibu kila ugonjwa. Hata hivyo kati ya mwenye mlango finyu na mwenye mlango uliofungwa, kila mfanyabiashara anajua yupi ana nafuu.

Mwaka 2021 India ilitia saini makubaliano ya aina hiyo na Malawi kwa tani 50,000 kwa mwaka, na Myanmar kwa tani 100,000, yote kwa miaka mitano. Mei ya mwaka huo ilifungua pia mlango kwa nchi nyingine zote, na kibali hicho kimeongezwa muda mara kadhaa. Tanzania ilinufaika. Lakini kibali cha namna hiyo ni hisani ya mnunuzi, kinachotolewa pale anapokuwa na upungufu. Siku akivuna vizuri anaweza kukiacha kiishe bila kuvunja ahadi kwa mtu yeyote.

Wapo watakaosema kuwa ziara za viongozi ni upotevu wa fedha. Hapana. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio lenyewe liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti ambayo yaliacha malori mpakani. Mei, Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akawapa mawaziri wake wiki mbili kuyaondoa mahindi yaliyokwama. Mawaziri wa pande mbili wakakaa kuorodhesha vikwazo kimoja kimoja. Ununuzi wa Kenya kutoka Tanzania mwaka huo ulikaribia kuwa maradufu ya mwaka 2020. Si yote yalitokana na ziara, maana njaa ya mahindi nayo ilichangia, lakini malori hayakujiondoa yenyewe. Kilicholeta matokeo ni kwamba ziara ilifuatiwa na orodha, tarehe na watu wa kuulizwa.

Upande wa pili, mlango unaweza kufunguliwa na mwenye mali asiwe tayari. China iliridhia soya ya Tanzania mwaka 2020, na parachichi mwaka 2022. Soya inayolimwa ni kidogo kwa soko la ukubwa ule, na watengeneza chakula cha kuku wa hapa hapa wanaihitaji. Parachichi la Njombe au Rungwe halipandi meli kwa sababu marais wamepeana mikono. Shamba lazima lisajiliwe, nyumba ya kufungashia isajiliwe, na mkaguzi wa afya ya mimea athibitishe kuwa hakuna wadudu waliokatazwa. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mkaguzi mmoja mwenye gari na mafuta anaweza kuliingizia taifa fedha nyingi kuliko maonyesho mengi ya biashara.

Kwa uwekezaji hakuna mengi ya kusema. Mwekezaji husikiliza hotuba ya balozi kwa adabu, kisha huuliza kuhusu ardhi, umeme, kodi na kama sheria ya leo itakuwepo kesho. Katikati ya mwaka 2017, miezi michache tu kabla ya balaa la mbaazi, Tanzania yenyewe ilizuia mahindi kuuzwa nje. Balozi anayemtafutia mkulima mnunuzi asubuhi hawezi kumweleza mnunuzi huyo, jioni, kwa nini mzigo umezuiwa nyumbani.

Kwa sababu hiyo balozi asipimwe kwa idadi ya makongamano. Wa New Delhi aulizwe kama tani za mbaazi zimeandikwa, kwa miaka mingapi, na mazungumzo yamefikia wapi. Kiambatisho cha biashara katika ubalozi huo kifanywe na mtu anayejua msimu wa mbaazi wa Maharashtra na Karnataka, atakayeiandikia Wizara ya Kilimo mapema kwamba mvua huko ni nzuri na mavuno yatakuwa makubwa. Taarifa hiyo ikifika Oktoba ina thamani, kwani kusini mbaazi hupandwa pamoja na mahindi mvua zinapoanza, Novemba na Desemba. Ikifika Agosti mwaka unaofuata, mkulima amekwishavuna.