Vitabu vya Nyumbani: Baba Mlangoni pa Gereza

Mwalimu mmoja ametuuliza kama yafaa kuwasomea watoto kitabu cha Bibi Harper Lee wa Marekani, kiitwacho kwa Kiingereza To Kill a Mockingbird. Kilichapwa mwaka 1960, kikapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1961, nacho kimesomwa katika nchi nyingi. Basi tumekisoma tena.

Mambo yake ni ya jimbo la Alabama, katika miaka ya 1930. Siku zile Weusi na Weupe wa huko walitengwa kwa sheria na kwa desturi. Wakili Atticus Finch, aliyefiwa na mkewe, aishi na watoto wawili, Jem na Scout. Mlezi wao ni mpishi Calpurnia, mwanamke Mweusi, naye ni mkali kwao kama mama. Hakimu ampa Atticus kazi ya kumtetea Tom Robinson, Mweusi aliyeshitakiwa kuwa amemnajisi msichana Mweupe. Majirani wachukizwa, na watoto watukanwa njiani kwa ajili ya baba yao.

Usiku mmoja Atticus achukua kiti na taa, aenda kuketi mlangoni pa gereza, asoma gazeti. Waja watu kwa magari, wataka kumtoa Tom wamwue pasipo hukumu. Scout, mtoto mdogo asiyefahamu hatari iliyopo, amtambua mmoja wao kuwa ni baba wa mwenzake wa shule. Amwamkia, amwuliza hali, ampa salaamu ampelekee mwanawe. Mtu yule aona haya, awaambia wenziwe waende zao. Tulipofika hapo tulikiweka kitabu chini kwa muda, kwani twajua jinsi mtu awezavyo kujificha katika kundi hata aitwapo kwa jina lake.

Barazani ushahidi ni wazi. Msichana alipigwa upande wa kuume wa uso. Na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa, maana ulikamatwa na mashine ya kuchambulia pamba alipokuwa mtoto. Baba wa msichana ndiye atumiaye mkono wa kushoto. Hata hivyo wale kumi na wawili, wote Weupe, wamhukumu Tom. Baadaye apigwa risasi akijaribu kutoroka.

Wala haya si ndoto tupu. Baba yake mtungaji, Amasa Lee, alikuwa wakili. Mwaka 1919 aliwatetea Weusi wawili walioshitakiwa kwa mauaji, nao wakanyongwa.

Wako Weusi wa Marekani wanaolalamika kwamba Tom hupewa maneno machache, na sifa zote humwendea wakili. Twaona wana haki. Tena mwaka 2015 kilitolewa kitabu kingine cha bibi huyu, alichokiandika kabla ya hiki, na humo Atticus mzee apinga Weusi kupewa haki sawa. Wengi walihuzunika, nasi pia. Mzazi asiwafiche watoto habari hiyo.

Lakini jibu letu kwa mwalimu ni ndiyo, kwa wale waliokwisha kukua kidogo. Na kama hana nafasi ya kusoma chote, asome sura ya 12. Hapo Calpurnia awapeleka watoto wa Atticus katika kanisa lake. Wasomao ni wachache, hivyo mwanawe Zeebo asoma mstari wa wimbo, na watu wote wauimba baada yake. Kisha yatolewa sadaka kwa ajili ya Helen, mke wa Tom, kwani hapana amwajiriye tangu mumewe kufungwa. Mchungaji ahesabu fedha, aona hazitoshi. Aagiza milango ifungwe, asitoke mtu hata zipatikane dola 10. Joto ni kali. Wenye kidogo waja mbele tena, mmoja mmoja. Zitimiapo, milango yafunguliwa.