Umenunua kisu, mpini wameshika wao

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, na najua wapo walioanza kudhani nimehamia Nairobi. Sijahama. Bado niko hapa hapa Kesses, karibu na Chuo Kikuu cha Moi, kilomita 35 hivi kutoka Eldoret mjini. Leo siandiki juu ya simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe unahusu mashine ndogo ya kukata stika.

Kwa wasioijua: ni mashine ya mezani, ukubwa wake kama printa. Badala ya wino ina kisu kidogo chenye ncha. Unachora umbo kwenye kompyuta, kisu kinalifuata umbo hilo juu ya karatasi, kadi, au vinili, ile plastiki nyembamba yenye gundi inayotengenezewa stika za matatu. Ukishang'oa masalia unabaki na herufi safi za kubandika kwenye kikombe au kioo cha duka. Ipo pia vinili ya kupiga pasi kwenye fulana. Jina linalojulikana zaidi duniani ni Cricut ya Marekani. Zipo Silhouette na Brother, na zipo plota za Kichina ambazo mafundi wengi wa stika wanazitumia.

Dada yangu mkubwa alikuwa na moja ya zile za mezani. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, maana ugomvi wangu hauko na kampuni moja, uko na tabia.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 ilikuwa Siku ya Akina Mama. Vijana wa kanisa walikuwa wamemwagiza vikombe 12, kila kimoja na jina la mama mmoja, wavichukue baada ya ibada. Jumamosi alimaliza vinane, stima ikapotea. Asubuhi stima ikarudi, akawasha kompyuta amalizie vinne vilivyobaki. Michoro yote ilikuwa ndani ya kompyuta yake. Vinili ilikuwepo mezani. Kisu kilikuwa kipya. Programu ikamwambia aingie upya kwa akaunti yake, akaandika nenosiri, na hapo ndipo mambo yakakwama. Kiduara kikawa kinazunguka tu.

Asubuhi hiyohiyo kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika huko chini, pande za Afrika Kusini, na mtandao ukawa unakwenda mwendo wa kinyonga Kenya na Tanzania. Akanipigia simu: "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Kuja hapa, hii mashine imekataa."

Nilikwenda. Nilisomea sayansi ya kompyuta miaka minne, na siku hiyo sikuwa na msaada zaidi ya kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri mzigo. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza. Mashine ilikuwa nzima! Ilikuwa inasubiri ruhusa kutoka kwa seva iliyo ng'ambo ili ikate jina la mama wa Kesses kwenye vinili iliyonunuliwa Eldoret.

Dada alirudisha pesa za vikombe vyote 12, kwa sababu huwezi kuwapa zawadi akina mama wanane mbele ya kanisa na kuwaruka wanne.

Sasa wapo watakaosema, "Mashine ni mashine, zote zinaharibika." Ni kweli. Lakini naomba tutenganishe aina mbili za kasoro, maana tukizichanganya tutaendelea kudanganywa.

Aina ya kwanza ni kasoro za haki. Hizi kila mwenye mashine anazijua, na zote dawa yake iko mikononi mwako:

1. Kisu kinakata juu juu, au kinapenya mpaka karatasi ya nyuma. Ncha ya kisu imetoka kidogo mno au imezidi. Kwa vinili, ncha inatakiwa kuchungulia tu, chini ya milimita moja. Rekebisha urefu wa ncha kwanza, nguvu ya kukandamiza baadaye, na kila mara kata mraba mdogo wa majaribio pembeni. Ukiona vinili imekatika na karatasi ya nyuma ina alama hafifu tu, umepatia.

2. Pembe hazifungi, au zimeviringika kama zimetafunwa. Kisu cha mashine hizi kinajikokota na kujigeuza chenyewe, na ncha yake haiko katikati kabisa ya mhimili. Programu lazima iambiwe tofauti hiyo ni kiasi gani. Kwa visu vingi ni kama robo milimita, yaani 0.25. Anzia hapo, kisha pandisha au shusha kidogo kidogo.

3. Kadi inateleza. Mkeka wa gundi umejaa vumbi na nyuzi. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uache ukauke wenyewe. Kwenye plota isiyotumia mkeka, angalia kama rola za mpira zimekaa juu ya zile sehemu za mhimili zenye makwaruzo. Zikikaa pembeni, vinili itakwenda upande.

4. Maandishi ya fulana yametoka kinyume. Vinili ya pasi hukatwa kwa upande wa nyuma. Geuza mchoro kama unaouona kwenye kioo kabla ya kukata.

5. Stika imetoka ndogo kuliko ulivyochora. Kata mstari wa milimita 100, pima kwa rula. Ukikuta 98, sahihisha kipimo kwenye programu.

Nusu saa, rula, na subira. Mtoto wa kidato cha pili anaweza kufundishwa yote haya Jumamosi moja.

Aina ya pili ni kasoro iliyotengenezwa makusudi. Hii haina dawa mezani kwako, kwa sababu haikuwekwa mezani kwako. Msiniambie naota. Historia ya Cricut yenyewe iko wazi kwa kila mtu.

Kampuni hiyo iliwahi kuwa na programu iliyoitwa Craft Room. Julai 2018 ikaifunga. Mashine za zamani zilizokuwa na nafasi ya katriji ziliendelea kukata maumbo yaliyomo kwenye katriji, basi. Lakini palikuwa na mashine moja iliyoitwa Cricut Mini, ambayo haikuweza kufanya kazi bila Craft Room. Siku programu ilipofungwa, Mini zote zikawa mapambo. Mota nzima, kisu kizima, mashine maiti.

Halafu ikaja 2021. Wakati wa korona watu walikaa nyumbani wakikata kadi na stika, na mapato ya kampuni kwa mwaka 2020 yakakaribia dola bilioni 1. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Machi 2021 ikatangaza kwamba asiyelipa kila mwezi hataweza kupakia kwenye programu yake, Design Space, zaidi ya picha 20 kwa mwezi. Elewa vizuri: picha zako mwenyewe, ulizochora mwenyewe, ukate kwa mashine uliyokwisha kuilipia. Watu wakaja juu, malalamiko yakatiwa saini na maelfu kwa maelfu. Kampuni ikalegeza kidogo, na tarehe 18 Machi mkurugenzi wake, Ashish Arora, akatangaza kwamba mpango wote umefutwa. Mwezi huohuo hisa za kampuni zikaingia soko la Nasdaq.

Watu walishangilia ushindi. Mimi nauliza, walishinda nini? Walishinda ahadi. Mitambo ya kuweka kikomo iko palepale, mikononi mwa walewale. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Ajabu ya zama zetu ni kwamba unalipa bei ya kununua, unaondoka na ya kuazima.

"Lakini wewe," wataniambia wenzangu, "mashine bila programu ya kampuni itakataje?" Hapa ndipo hasira yangu inapozidi, kwa sababu jibu lipo tangu zamani. Tangu miaka ya 1970 kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa na lugha ya kuendeshea mashine za kuchora, inaitwa HP-GL. Plota nyingi za stika zinaielewa mpaka leo. Tazama:

IN;PU0,0;PD400,0,400,400,0,400,0,0;PU;

Hiyo ni programu nzima. IN, jiandae. PU, inua kisu uende sifuri sifuri. PD, teremsha kisu upite kwenye nukta hizi. Kipimo kimoja ni milimita 0.025, kwa hiyo 400 ni sentimita moja. Umekata mraba wa sentimita moja kwa herufi zisizofika 40. Hakuna akaunti, nenosiri wala kiduara kinachozunguka.

Baada ya ile Jumapili tulikwenda Eldoret mjini, tukapata plota ya Kichina iliyotumika. Ina kelele kama cherehani ya zamani. Tuliiunganisha na kompyuta yenye Linux, tukaweka kasi ya mawasiliano 9600, na mchoro ukatoka Inkscape moja kwa moja. Inkscape ni programu huria, haina malipo, na tangu toleo la 0.91 la mwaka 2015 ina kipengele chake cha kutuma michoro kwa plota. Wenye mashine za Silhouette nao wana kiongezeo cha Inkscape kilichoandikwa na watu wa programu huria. Wenye Cricut je? Programu rasmi haina toleo la Linux hata leo.

Tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, mtandao uliyumba nchi nzima. Tulikuwa tumefunga mlango. Ndani, plota ikaendelea kukata stika za mteja wa Cheptiret mpaka ikamaliza. Haijui dada yangu ni nani, na haitaki kujua.

Nitakuwa mwadilifu. Programu za kampuni ni rahisi kuliko Inkscape. Dada alihitaji wiki mbili za kugombana nayo, na mara ya kwanza alinirushia kipande cha vinili. Pia sikatai kampuni kula jasho lake. Iuze mashine, iuze visu, iuze michoro ya wachoraji wake kwa anayeitaka, iuze hata programu. Ninachokataa ni kuuza kitu kisha kubaki na ufunguo, halafu kubadilisha masharti mnunuzi akiwa amekwisha kulipa. Mtu akikuuzia nyumba akabaki na ufunguo wa mlango, utamwita nani, mhudumu au mwenye nyumba?

Na sasa nijishtaki mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Miaka miwili iliyopita niliandika programu ndogo ya maduka ya kuweka hesabu za bidhaa. Kila asubuhi ilimlazimu mwenye duka kuingia kupitia seva. Kwa nini? Kwa sababu ndivyo nilivyoona wengine wakifanya, na kwa sababu ilinirahisishia kudai malipo. Mtandao ukipotea, mwenye duka hakuweza kuona hata idadi ya mifuko ya unga aliyonayo nyuma yake. Nilijua hilo, nikalala usingizi. Ilibidi nione uso wa dada yangu akihesabu noti za kurudisha ndipo nikaelewa nilichowafanyia watu wengine. Nimeibadilisha. Sasa hesabu zinakaa kwenye kompyuta ya mwenye duka, na mtandao unatumika pale tu anapotaka kuhifadhi nakala. Ilinichukua siku nne. Siku nne tu! Kwa hiyo msanifu programu akikuambia haiwezekani, jua kwamba hataki.

Basi ndugu msomaji, kabla hujatoa pesa zako kununua mashine ya kukata, muulize muuzaji mambo matatu. Nikizima mtandao sasa hivi hapa dukani, itakata mchoro ulio kwenye flashi yangu? Inaelewa HP-GL, au kuna programu nyingine zaidi ya ya kampuni inayoweza kuiendesha? Kampuni ikifungwa kesho, nitabaki na nini? Akishindwa kujibu la kwanza kwa vitendo, mbele yako, rudisha pochi mfukoni.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, lakini hakikisha kwanza mpini uko mkononi mwako.

Nyongeza: wale vijana wa kanisa walirudi mwaka uliofuata. Vikombe vilikuwa 15. Vilikatwa vyote Jumamosi usiku, na kompyuta haikuwa imeunganishwa na mtandao. Niliuchomoa waya mwenyewe, kwa kusudi.