Makocha wasionewe



Natoa maoni yangu kuhusu tabia ya baadhi ya wakubwa wa klabu kufukuza makocha ovyo. Mfano ni Palermo ya Italia, enzi za tajiri wake, marehemu Maurizio Zamparini.

Novemba 2015 alimwachisha kazi Giuseppe Iachini, aliyeipandisha timu ligi kuu mwaka 2014. Akamchukua Davide Ballardini, naye akamfukuza Januari 2016. Februari akamrudisha Iachini, Machi akamtimua tena. Aprili akamrudisha Ballardini! Timu ikanusurika kushuka kwa pointi moja tu.

Wapo watakaosema dawa ilifaa. Sikubaliani nao. Kama Ballardini alifaa Aprili, Januari alifukuzwa kwa kosa gani? Msimu uliofuata makocha walipokezana vilevile, na mwaka 2017 timu ikashuka daraja.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mchezaji atamtii vipi kocha ambaye huenda mwezi ujao hayupo? Timu ikifungwa, aulizwe kwanza yule anayeajiri na kufukuza.

Mpenzi wa Soka,
Tabora.