AOL yafunga intaneti ya simu ya waya: somo kwa wanaonunua mega

Tarehe 30 Septemba 2025, kampuni ya Marekani AOL ilifunga huduma yake ya kuunganisha kompyuta na intaneti kwa njia ya simu ya waya. Programu mbili zilizoitumikia huduma hiyo, AOL Dialer na AOL Shield, nazo ziliachwa siku hiyo hiyo. Vijana wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi, ambao intaneti wameijulia kwenye simu ya mkononi, wanaweza kusema kwamba habari hii haiwahusu. Inawahusu.

AOL ilianza mwaka 1985 kwa jina la Quantum Computer Services, ikihudumia wenye kompyuta za Commodore 64. Mwaka 1991 ikachukua jina la America Online. Ilituma disketi, baadaye CD, bila malipo katika nyumba za watu. Mtu aliyepokea CD aliiingiza ndani ya kompyuta, modemu ikapiga simu kwa mlio wake wa kukwaruza, na baada ya muda akapata barua pepe, habari na vyumba vya mazungumzo mahali pamoja. Wakati huo hakuna mwingine nyumbani aliyeweza kupiga simu kwenye laini ile.

CD ilikuwa ya bure, lakini saa zililipwa. Katikati ya miaka ya 1990 mteja alilipa dola 9.95 kwa mwezi na kupewa saa 5 tu. Kila saa iliyozidi ilikuwa dola 2.95. Watu walisoma barua haraka haraka huku wakitazama saa ya ukutani, kama vile leo mkaaji wa Congo anavyozima data akiisha kutuma ujumbe, ili mega zake zifike jioni.

Washindani walipoanza kuuza intaneti isiyohesabiwa saa, AOL ililazimika kuwafuata. Desemba 1996 iliweka bei moja: dola 19.95 kwa mwezi, bila kuhesabu saa. Wateja walifurika, nao wengi hawakutaka tena kukata simu. Laini zikajaa. Mtu alilipa, akapiga, akakuta laini haishikiki. Wanasheria wakuu wa majimbo mengi waliingilia kati, na Januari 1997 kampuni ilikubali kuwarudishia wateja pesa. Mwaka 2005 tena, ililipa dola milioni 1.25 katika jimbo la New York kufatana na malalamiko ya wateja waliotaka kujiondoa wakazuiliwa.

Hapa ndipo somo lilipo. Bei haikushuka kwa huruma ya kampuni, ilishushwa na ushindani. Na bei iliposhuka kabla ya mitambo kuongezwa, mteja alinunua kitu ambacho hakuweza kukitumia. Kilichomwokoa ni mamlaka iliyokuwa tayari kuuliza kampuni: mmeuza nini, na mmetoa nini?

Congo ina mamlaka ya aina hiyo, ARPTC. Mwaka 2025 iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi katika inchi, na hilo linaongeza mshindani. Lakini mshindani mpya peke yake hatoshi. Mwanafunzi ambaye forfait yake imeisha kabla hajafungua somo, ao mfanyabiashara ambaye mtandao unamkatikia wakati wa kutuma pesa, anahitaji mahali pa kulalamika ambapo atajibiwa, na kurudishiwa chake ikithibitika alidhulumiwa. Bila hilo, matangazo ya bei ndogo yatabaki matangazo.

Liko jambo la mwisho. Hesabu ya serikali ya Marekani ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba nyumba zipatazo 163,000 zilikuwa bado zinategemea simu ya waya peke yake kwa intaneti, katika inchi tajiri namna ile. Teknolojia mpya haifiki kwa wote siku moja. Wakubwa wanaopanga intaneti ya Congo kutoka Kinshasa wakumbuke kijiji ambacho hata mnara mmoja hakijauona: kwa wakaaji wake, mega bado si ghali wala rahisi, kwa sababu hazijafika.