Picha za Magofu: Pambo au Zana ya Kufundishia?

Mwalimu mwanafunzi anapokwenda Geita au Shinyanga kwa mazoezi ya kufundisha, mara nyingi hubeba picha ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Huibandika ukutani, huwaambia watoto waitazame, kisha huendelea kuandika tarehe ubaoni. Hatuna budi kusema wazi: picha iliyotumiwa hivyo ni pambo, si zana ya kufundishia.

Thamani ya picha za magofu ilidhihirika mapema katika miji ya kale ya Wamaya, huko Mexico na Amerika ya Kati. Mfaransa Désiré Charnay alipiga picha baadhi ya miji hiyo kati ya 1858 na 1860, akisafiri na mabamba ya vioo na dawa zake. Mwingereza Alfred Maudslay alianza kazi yake mwaka 1881. Alisafisha mawe yaliyochongwa maandishi, akayapiga picha na kuyatoa nakala kwa plasta. Mvua na upepo viliendelea kuyala mawe, bali picha zilibaki, na wataalamu wa karne ya 20 walizitumia katika kuyasoma maandishi hayo.

Hata hivyo, picha haisemi yote. Mpiga picha huchagua mahali pa kusimama na kitu cha kuacha nje. Waliofyeka msitu na kubeba mizigo ni nadra kutajwa majina.

Ndivyo ilivyo kwa Kilwa pia. Picha huonyesha kuta za Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Haionyeshi utajiri uliozijenga ulitoka wapi. Mtoto wa Geita, aliyezoea kusikia habari za dhahabu nyumbani, atadhani ilitoka kwao. La. Dhahabu ya Kilwa ilitoka nyanda za juu za Zimbabwe, ikapitia bandari ya Sofala. Mgodi mkubwa wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na uchimbaji mkubwa ukaanza upya mwaka 2000. Kosa la mtoto huyo ni mlango mzuri wa somo, mradi mwalimu amempa nafasi ya kusema.

Kwa hiyo twapendekeza maswali manne katika kila maandalio ya somo: Nani alipiga picha hii? Lini? Alisimama wapi? Ni kitu gani hakionekani? Darasa likiwa kubwa, picha moja izungushwe kwa vikundi, na kila kikundi kijibu swali moja.

Kisha watoto watoke nje na kufanya kazi hiyo wenyewe. Wachore kilima, ngitili au nyumba kuukuu iliyo karibu na shule, pasipo kukaribia mashimo ya machimbo. Waweke fimbo ya mita moja iwe kipimo, waandike tarehe, jina la mahali na majina yao. Kamera ikikosekana, penseli yatosha. Mwaka unaofuata, darasa jingine lisimame pale pale na kuchora tena.

Machimbo hula vilima, na kilima kilichokwisha kuchimbwa hakirudi. Shule isiyoweka kumbukumbu leo itawaachia watoto wa kesho shimo lisilo na maelezo. Walimu wenzetu, kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji mwalimu anayeuliza.